AMRI YA ALASIRI MOJA, MAREJEO YA MIAKA 33

Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu wa Taala, Mola Muadilifu ambaye kwake haipotei haki ya mja hata ikiwa na uzito wa chembe ya hardali. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba wake, na kila anayefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa kuwa ni la mawakili na mahakimu peke yao, ilhali linaigusa kila kamati ya msikiti, kila mutawalli na kila familia yenye kiwanja. Jambo lenyewe ni hili: mahakama ya chini inapotoa amri juu ya mali inayogombaniwa, na amri hiyo ikawa na kasoro, mahakama iliyo juu yake iitazame lini? Na ikichelewa kuitazama, ni kitu gani kinachobaki cha kutazamwa?

Mfano tuliouchagua ni Msikiti wa Babri uliokuwa Ayodhya, katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India. Wengi wenu mnaufahamu kwa kubomolewa kwake tarehe 6 Desemba 1992. Wachache ndio wanaofahamu kwamba kabla ya nyundo ilitangulia karatasi, na kwamba karatasi hiyo ilitoka mahakamani alasiri moja tu, miaka 6 na miezi 10 kabla ya nyundo hizo.

Kufuli lililofunguliwa kabla ya Magharibi

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Msikiti ule, kwa mujibu wa maandishi yaliyokuwa yamechongwa ukutani mwake, ulijengwa mwaka 935 Hijria, sawa na 1528 hadi 1529 Miladia, na Mir Baqi, kamanda wa mfalme Babur. Wahindu wanaamini kuwa eneo hilo ndipo alipozaliwa Ram, na mgogoro juu yake ulikuwako tangu karne ya 19. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba 1949 watu waliingia kwa siri na kuweka masanamu chini ya kuba la kati. Swala ya mwisho ya Ijumaa ilikuwa imeswaliwa humo tarehe 16 Desemba, wiki moja kabla. Badala ya kuyaondoa masanamu hayo, mnamo tarehe 29 Desemba 1949 hakimu wa mji aliamuru jengo liwekwe chini ya ulinzi wa serikali, akateuliwa msimamizi, na lango likafungwa kwa kufuli. Waislamu wakabaki nje. Kuhani wa Kihindu akaruhusiwa kuingia na kuhudumia masanamu, na waumini wake wakaabudu wakiwa nje ya nondo.

Hali ikabaki hivyo kwa miaka 36. Kesi zilifunguliwa, mojawapo ikiwa ni ile ya Baraza la Wakfu la Sunni la Uttar Pradesh ya tarehe 18 Desemba 1961, na zote zikalala mahakamani.

Ndipo mwishoni mwa Januari 1986 wakili mmoja, ambaye hakuwa mdai wala mdaiwa katika kesi yoyote kati ya hizo, akapeleka ombi kwa hakimu wa ngazi ya chini mjini Faizabad akitaka kufuli lifunguliwe. Tarehe 28 Januari hakimu yule alikataa kutoa amri, kwa sababu jalada la kesi lilikuwa Mahakama Kuu. Wakili akakata rufaa kwa Jaji wa Wilaya. Tarehe 1 Februari 1986 mkuu wa wilaya na mkuu wa polisi walifika mbele ya jaji, wakasema kwamba amani haitavunjika hata kufuli likifunguliwa. Jaji akaamuru lifunguliwe. Baraza la Wakfu, lenye dai lake mahakamani kwa miaka 24, halikufanywa upande katika rufaa ile wala halikusikilizwa. Katika muda usiozidi saa moja tangu amri itolewe, kufuli lilikwisha kufunguliwa, na televisheni ya taifa ikaionesha nchi nzima.

Tuzingatie hapo, ndugu msomaji. Tangu hakimu wa chini akatae mpaka lango kufunguliwa zilipita siku nne tu, na amri na utekelezaji wake vikakutana katika alasiri moja. Upande ulioguswa zaidi na amri ile haukupata hata usiku mmoja wa kutafuta wakili.

Miaka 100 kabla ya hapo

Kuna ajabu nyingine katika mgogoro huu ambayo haisimuliwi sana. Miaka 100 kamili kabla ya amri ile, mahakama za mahali pale pale zilikwisha kuonesha namna jambo kama hilo linavyopaswa kushughulikiwa.

Mwezi Januari 1885 kuhani Raghubar Das alifungua kesi akiomba ruhusa ya kujenga hekalu juu ya jukwaa lililokuwa katika ua wa nje wa msikiti. Mutawalli wa msikiti aliingizwa katika kesi na akasikilizwa. Tarehe 24 Desemba 1885 mahakama ya kwanza ililikataa ombi. Kuhani akakata rufaa. Jaji wa Wilaya, Mwingereza, hakutosheka na makaratasi, bali alikwenda mwenyewe kuliona eneo. Mwezi Machi 1886 aliikataa rufaa ile, ingawa hakuficha huruma yake kwa madai ya Wahindu. Aliona kuwa jambo lililotendeka karne tatu na nusu nyuma halirekebishiki tena, na kwamba linalowezekana ni kuiacha hali kama ilivyo ili damu isimwagike. Kuhani akapanda ngazi ya tatu, na tarehe 1 Novemba 1886 mahakama ya juu kabisa ya eneo lile ikakubaliana na zile mbili za chini.

Ngazi tatu zilipandwa katika muda usiofika miezi 11, tangu hukumu ya kwanza hadi ya mwisho. Pande zote zilisikilizwa, na muda wote huo hakuna jiwe lililoongezwa wala lililoondolewa. Sisi hatuisifu serikali ya kikoloni, wala hatusemi kuwa hukumu zile zilimaliza mgogoro. Mahakama za karne hii zimesema kuwa kesi ile haikufunga mlango wa kesi zilizofuata. Tunalolisema ni kwamba utaratibu ule ulikuwa na vitu vitatu ambavyo amri ya 1986 haikuwa navyo: aliyeguswa alisikilizwa, mali ilibaki kama ilivyo mpaka mwisho, na mahakama ya juu ilitazama mapema.

Marejeo yaliyochelewa

Je, baada ya tarehe 1 Februari 1986 hakukuwa na mahakama ya juu ya kukimbilia? Ilikuwako. Tarehe 3 Februari, siku mbili tu baadaye, Waislamu walikwisha kufika mbele ya Mahakama Kuu kuipinga amri ile. Mahakama Kuu ikaamuru kwamba hali ya mali isibadilishwe mpaka itakapoamua vinginevyo.

Kwa sikio la asiyezoea lugha ya mahakama, hayo yanaweza kusikika kuwa ni ushindi. Lakini ni hali ipi iliyoamriwa isibadilishwe? Ni ile iliyokuwa imeshabadilishwa siku mbili nyuma. Kufuli halikurudishwa. Lango lililofunguliwa kwa amri yenye kasoro liliendelea kuwa wazi chini ya kivuli cha amri nzuri ya kuzuia mabadiliko. Hapa ndipo penye fundisho kubwa la tahariri hii: amri ya kuhifadhi hali iliyopo humhifadhi yule aliyewahi. Ikiwa mahakama ya juu haikumrejesha kwanza aliyeondolewa pale alipokuwa amesimama, basi kuhifadhi kwake ni kumhifadhia aliyemwondoa.

Yaliyofuata mnayajua. Lango lilipofunguliwa, madai ya hekalu yaliyokuwa ya watu wachache wa mji mmoja yakawa harakati ya nchi nzima. Mwaka 1989 kesi zote zilihamishiwa Mahakama Kuu. Mwezi Novemba 1992 serikali ya jimbo iliihakikishia Mahakama ya Juu ya India kuwa jengo litalindwa, na tarehe 6 Desemba jengo likabomolewa mchana kweupe. Katika machafuko yaliyofuata nchini kote wakauawa watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu. Mashauri ya kudharau amri ya mahakama yaliyotokana na ubomoaji ule yalifungwa na Mahakama ya Juu tarehe 30 Agosti 2022, kwa sababu muda mrefu ulikuwa umepita na hukumu ya msingi ilikwisha kutolewa.

Na hukumu hiyo ya msingi je? Tarehe 30 Septemba 2010 Mahakama Kuu ya Allahabad, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, iligawa eneo mafungu matatu baina ya wadai. Mwezi Mei 2011 Mahakama ya Juu ikasimamisha hukumu hiyo. Tarehe 9 Novemba 2019, baada ya kusikiliza kwa siku 40, majaji watano kwa kauli moja walitoa eneo lote kwa upande wa Wahindu, na wakaamuru Waislamu wapewe ekari 5 mahali pengine. Maombi ya kuirejea hukumu hiyo yalikataliwa tarehe 12 Desemba 2019. Hekalu lilizinduliwa tarehe 22 Januari 2024.

Uadilifu unatutaka tuseme yote yaliyomo katika hukumu ile ya 2019. Majaji walikiri kwamba kuwekwa kwa masanamu mwaka 1949 kuliunajisi msikiti na kuliwaondoa Waislamu bila ya njia ya kisheria. Walikiri kwamba ubomoaji wa 1992 ulikuwa uvunjaji mkubwa wa sheria. Walisema pia kwamba uchimbaji wa wataalamu wa mambo ya kale haukuthibitisha kuwa hekalu lilibomolewa ili msikiti ujengwe. Lakini baada ya kuyakiri hayo yote, hawakuwarejeshea Waislamu mahali pao. Waliegemea hoja ya nani aliyethibitisha zaidi kuwa alilitumia eneo zama zote, wakaona upande wa Waislamu haukuleta ushahidi wa kutosha wa kulishika eneo la ndani peke yao kabla ya mwaka 1857.

Kuna watakaosema: basi kufuli lina kosa gani, ikiwa kesi iliamuliwa kwa ushahidi wa karne zilizopita? Hoja hiyo ina uzito, na hatutaki kuipita kimya. Kisheria, hukumu ya 2019 haikujengwa juu ya amri ya 1986. Hata hivyo, tujiulize kwa insafu: mahakama ya mwisho ilipokaa mwaka 2019, ilikuwa na kitu gani mkononi cha kurejesha? Kufuli halikuwapo, lango halikuwapo, na kuba halikuwapo. Kilichobaki ni kiwanja chenye hema na masanamu, na mamilioni ya watu wanaongojea. Jaji anayeamua juu ya msikiti uliosimama na jaji anayeamua juu ya vifusi hawaketi katika kiti kimoja, hata kama kitabu cha sheria mbele yao ni kile kile. Tangu alasiri ya 1986 mpaka Novemba 2019 ni miaka 33. Marejeo yalikuja, lakini yalimkuta mgonjwa amekwisha kuzikwa.

Mizani ya uqadhi katika Uislamu

Ndugu katika imani, maulamaa wetu waliyajua haya tangu zamani. Katika Sura ya Sad tunasoma habari za Nabii Daudi (A.S.) na mahasimu wawili waliomjia. Baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa mtihani wake ulikuwa katika kuhukumu kwa maneno ya mlalamikaji kabla ya kumsikia wa pili. Na Mtume wetu (S.A.W.) alipomtuma Ali (R.A.) Yemen kuwa qadhi, alimfundisha asimhukumie wa kwanza mpaka amsikilize na wa pili, kwani kwa kufanya hivyo ndipo hukumu itakapombainikia. Huo ndio msingi uliokosekana Faizabad, na hakuna dini wala dola inayoukataa.

Pili, wanachuoni wa fiqhi wameweka kanuni mbili ambazo mwenye pupa huziona kama zinapingana. Ya kwanza ni kuwa ijtihadi haitanguliwi kwa ijtihadi nyingine, ili watu wapate utulivu na hukumu zisiwe mchezo. Ya pili ni kuwa hukumu iliyokwenda kinyume na andiko la wazi au na ijmai hutanguliwa, na qadhi ajaye haruhusiwi kuinyamazia. Na Khalifa Umar (R.A.), katika barua yake mashuhuri kwa Abu Musa al-Ash'ari, alimwelekeza kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurudi kwenye haki ikimdhihirikia leo. Ukizichanganya kanuni hizi utaona hekima yake: mahakama ya juu isiingilie kila neno la mahakama ya chini, lakini pale ambapo msingi wa hukumu umevunjwa, kama vile mtu kuhukumiwa bila ya kusikilizwa, iingilie upesi. Katika zama za Makhalifa ilikuwako diwani ya madhalim, ambako mtu aliyedhulumiwa na mwenye mamlaka alipeleka kilio chake moja kwa moja, na al-Mawardi ameieleza kwa urefu. Maana ya diwani ile ilikuwa ni haki kurudi ikiwa hai.

Amri za haraka hazijaisha

Mtu anaweza kudhani kwamba hayo yamepita na India imejifunza. Sheria ya mwaka 1991 ya nchi hiyo inasema kila mahali pa ibada pabaki na sura iliyokuwa nayo tarehe 15 Agosti 1947, isipokuwa eneo la Ayodhya lililokuwa tayari mahakamani. Lakini tazameni yaliyotokea baadaye.

Mjini Varanasi upo msikiti wa Gyanvapi. Tarehe 31 Januari 2024 Jaji wa Wilaya, katika siku yake ya mwisho kazini kabla ya kustaafu, aliamuru kwamba ibada ya Kihindu ianze katika chumba kilicho chini ya jengo la msikiti, na akawapa watawala siku saba za kuandaa. Hawakuzihitaji siku saba. Usiku ule ule, kuamkia tarehe 1 Februari, ibada ilianza. Ilikuwa ni miaka 38 kamili tangu kufuli la Ayodhya lifunguliwe. Mahakama Kuu iliikataa rufaa ya kamati ya msikiti tarehe 26 Februari 2024, na tarehe 1 Aprili Mahakama ya Juu ikakataa kuisimamisha ibada ile, ikaagiza pande zote mbili ziendelee kama zilivyo. Kwa mara nyingine, hali iliyohifadhiwa ni ile iliyokwisha kubadilishwa.

Kisha ukaja msikiti wa Sambhal. Tarehe 19 Novemba 2024 kesi ilifunguliwa, mahakama ikaamuru msikiti ukaguliwe bila ya kuusikiliza kwanza upande wa msikiti, na ukaguzi ukafanyika jioni ya siku hiyo hiyo. Ukaguzi wa pili, tarehe 24 Novemba, ulizua ghasia, wakafa watu wasiopungua wanne. Tarehe 29 Novemba Mahakama ya Juu iliizuia mahakama ya chini isiendelee mpaka Mahakama Kuu ilitazame shauri, na ikaagiza ripoti ya ukaguzi ibaki imefungwa. Tarehe 12 Desemba 2024 ikapiga hatua zaidi: ikaamuru mahakama zote nchini zisisajili kesi mpya za namna hiyo wala zisitoe amri zenye athari, zikiwemo za ukaguzi, katika kesi zilizopo, wakati yenyewe ikiichunguza sheria ile ya 1991.

Tunaitaja amri hiyo kwa heri, kwa sababu inaonesha kuwa mahakama ya juu ikitaka kutazama mapema, inaweza. Kutoka amri ya chini mpaka zuio la juu zilipita siku 10. Lakini katika siku hizo 10 makaburi yalikwisha kuchimbwa. Tofauti baina ya siku moja na siku kumi si ndogo kwa mama aliyemzika mwanawe.

India na sisi

Huenda ndugu msomaji akauliza: India na sisi, wapi na wapi? Jibu ni kwamba hukumu za India zilikwisha kuvuka bahari zamani. Mwaka 1894 Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni, iliamua katika shauri kutoka India kwamba wakfu unaowekwa kwa ajili ya kizazi cha mtu, maskini wakiwekwa mwishoni kabisa, hauna nguvu. Huko India sheria ya mwaka 1913 iliirekebisha hali hiyo. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 Privy Council hiyo hiyo iliutumia msimamo ule wa 1894 katika shauri la wakfu wa familia moja ya Kiislamu kutoka Kenya, na wakfu ukaanguka. Kwa hiyo kinachoandikwa na mahakama ya mbali chaweza kuingia katika nyumba ya mtu wa Mombasa baada ya miaka zaidi ya 50. Tusiseme ya wenzetu hayatuhusu.

Basi tunachukua mafunzo gani?

Kwanza, karatasi. Msikiti uliosimama zaidi ya miaka 300 kabla ya mwaka 1857 ulikosa ushahidi wa kuiridhisha mahakama juu ya miaka hiyo. Tena, mwezi Aprili 1966 mahakama ya Faizabad iliona kuwa tangazo la serikali la mwaka 1944 lililouorodhesha msikiti katika wakfu halikuwa sahihi kisheria. Misikiti mingapi ya kwetu hati yake imo katika sanduku la mzee fulani, na mzee keshafariki? Ni mingapi ambayo aliyetoa kiwanja alisema kwa mdomo tu, na leo wajukuu wake wanadai? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inatuamuru kuandika madeni yetu na kushuhudisha. Ikiwa deni la mtu mmoja laandikwa, vipi nyumba ya Allah?

Pili, wakati. Masanamu yaliwekwa Desemba 1949, na ukomo wa kudai ulikuwa miaka 12. Baraza la Wakfu lilifungua kesi yake zikiwa zimebaki siku chache tu muda huo utimie. Haki ya rufaa nayo ina siku zake zinazohesabika, na atakayelala mpaka ziishe hana wa kumlaumu. Kamati ya msikiti inayosubiri mkutano mkuu ndipo iamue kumtafuta wakili, aghlabu humpata wakati hakuna tena la kutetea.

Tatu, tusidharau amri ndogo. Watu wetu hukusanyika siku ya hukumu ya mwisho, wakijaza mahakama kwa takbira, na siku ya ombi dogo la katikati hakuna hata mmoja. Kufuli la Ayodhya lilifunguliwa kwa ombi dogo la katikati. Anayepeleka rufaa aombe papo hapo zuio la utekelezaji, na aombe si tu kwamba hali isibadilike, bali irudishwe ilivyokuwa kabla ya amri anayoipinga.

Nne, umoja. Mwaka 1945 Baraza la Shia na Baraza la Sunni walikuwa mahakamani wakigombania msikiti huo huo ni wakfu wa nani, na hukumu ikatoka Machi 1946. Miaka mitatu na miezi michache baadaye wote wawili walikuwa nje ya lango. Anayegombania ufunguo na nduguye asishangae akikuta mlango una kufuli la mtu mwingine.

Tano, nalo ni zito kuliko yote: tusiwe sisi ndio wenye kudhulumu. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba yeye huhukumu kwa yale anayoyasikia, na kwamba mtu anayehukumiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja zake amekatiwa kipande cha moto. Kwa maneno mengine, hukumu ya mahakama haihalalishi kilicho haramu. Wapo miongoni mwetu waliojenga juu ya kiwanja cha yatima, waliosogeza mpaka usiku, na waliompa hakimu kitu ili amri itoke Ijumaa jioni, jirani akose pa kukimbilia hadi Jumatatu. Mwenye kufanya hivyo, hata akiwa katika safu ya kwanza, ametenda lile lile linalomliza anaposoma habari za Ayodhya. Wala swala haikipendezeshi kiwanja kilichoporwa.

Na kwa waheshimiwa mahakimu na majaji wanaoisoma tahariri hii misikitini mwetu, tunasema kwa adabu: mnapoletewa ombi la upande mmoja linalotaka mali ibadilishwe leo hii, jiulizeni kwa nini mwombaji hataki kungoja mpaka kesho. Na mnapoletewa marejeo ya amri ya namna hiyo, yatazameni kabla ya majalada mengine. Kesi ya mali inaweza kungoja. Kisichoweza kungoja ni amri inayoiondoa mali mikononi mwa mtu kabla hajasikilizwa.

Tunamuomba Allah Subhanahu wa Taala aihifadhi misikiti yake kila mahali, awape subira ndugu zetu waliodhulumiwa, awaongoze wenye kuhukumu baina ya watu, na atujaalie tuwe wepesi wa kurudisha haki za watu kabla ya Siku ambayo hakuna rufaa wala marejeo. Amin.

Wabillahi tawfiq.